Nukta ya Kumi na Moja

Duka la kumi na mbili lilikuwa la Siraje. Inspekta Habibah aliingia na karatasi moja tupu mkononi, akamwomba mwenye duka amtolee kopi yake.

Siraje, mwanamume mnene mwenye kofia ya kufuma, aliigeuza ile karatasi mbele na nyuma. "Nnyabo, hii kalatasi haina kitu."

"Najua. Toa kopi."

Mashine ikanguruma, ikatema karatasi. Habibah aliinyanyua kwenye mwanga wa mlango. Upande wa kulia, kutoka juu mpaka chini, ulishuka mstari mweusi mwembamba kama uzi. Karibu na mwisho mstari ulikatika kwa upana wa kidole, kisha ukaendelea. Dramu ya mashine ile, ile silinda inayobandika wino kwenye karatasi, ilikuwa na mkwaruzo, na mkwaruzo wa dramu haufanani na wa dramu nyingine. Habibah akatoa mkobani karatasi tano zilizokunjwa, akazipanga juu ya kaunta. Zote zilikuwa na uzi ule ule, na zote zilikatika pale pale.

Siraje aliziangalia, rangi ikamtoka usoni. Alijua amepatikana.

"Funga mlango," Habibah akamwambia, akimwonyesha kitambulisho. "Nusu tu. Watu wakiuliza, umeme umekatika."

Zile karatasi tano zilikuwa majibu ya mtihani wa taifa wa hisabati ambao watahiniwa wa sekondari nchi nzima wangeufanya saa nane mchana siku ile ile. Tangu asubuhi zilikuwa zinapita mikononi mwa wanafunzi wa mtaa wa Wandegeya kama vipande vya chapati. Hilo lingemkasirisha askari yeyote. Lakini kilichompeleka Habibah duka kwa duka tangu alfajiri ni mwandiko. Ulikuwa mwandiko wa Juliet Aber.

Juliet alikuwa mwalimu wa hisabati, na kwa miaka tisa alikuwa pia msahihishaji wa mtihani huo huo. Siku nne nyuma alikuja mwenyewe kwa Habibah, akakaa kwenye ncha ya kiti, akasema kuna mtu anamtaka aufanye mtihani kabla ya siku yake ili wauze majibu. Akauliza akatae vipi bila kudhuriwa. Habibah ndiye aliyemwambia asikatae. "Kubali. Nenda. Ukishajua mahali wanapofanyia, nipigie tu, sisi tutakuja." Alilisema jambo hilo kirahisi, huku anasaini fomu nyingine. Juliet akaenda. Simu yake ilizimwa jioni hiyo hiyo na haikuwashwa tena.

Sasa ilikuwa saa tano na nusu. Watu wale walimhitaji Juliet mpaka saa nane. Baada ya hapo angekuwa mtu aliyeziona sura zao, basi. Habibah aliijua hesabu hiyo tangu jana.

"Nani analeta hizi?" aliuliza.

"Wallahi afande, mimi natoa kopi tu. Mimi sijui mambo yao."

"Sikukuuliza unajua nini. Nimekuuliza nani analeta."

Siraje aliuma mdomo, akainua kidole gumba kuelekea dari. "Watu ya juu. Hosteli. Kijana mmoja mrefu anashuka na kalatasi moja moja. Anangoja hapa, anachukua zote, hata ile imeharibika."

"Chumba gani?"

"Chumba sijui. Ile hosteli iko na milango mingi, afande, na hao watu wamekaa ngazi yote. Mimi sipandi huko."

Sajini Saverio Odyek, aliyekuwa mlangoni akijitia mteja, alipenyeza kichwa. Alikuwa kijana wa Lira, mrefu, mwenye haraka ya kila kitu. "Afande, tuite watu. Tuvunje mlango kwa mlango."

"Ghorofa ngapi, Siraje?"

"Ya chini, na tano juu yake."

"Vyumba vingapi mbele?"

"Saba, saba."

"Arobaini na viwili," Habibah akamwambia Odyek. "Tukivunja wa kwanza, wa arobaini na mbili watakuwa wamesikia. Unadhani watamfanya nini yule dada wakitusikia tuko chini?"

Odyek akarudi mlangoni.

Habibah akamgeukia tena Siraje. "Huyu mrefu akija, anasema nini? Kila kitu. Hata akikohoa."

Siraje alifikiri. "Jana usiku hapana, hakusema kitu. Leo asubuhi alileta hii ya michoro." Akagusa karatasi ya tano, yenye grafu. "Alikuwa anashika simu namna hii, anaangalia simu, anaangalia kalatasi. Simu ilikuwa na mchoro pia. Akasema, iko sawa, iko sawa, madam ni mkali. Akacheka."

Hilo peke yake halikumwambia Habibah kitu. Hisabati aliiacha shuleni Bombo akiwa na miaka kumi na saba, na walipoachana hakuna aliyemlilia mwenzake. Lakini alijua mtu wa kumuuliza, na kwa bahati mtu huyo alikuwa anakula umbali wa hatua mia mbili.

Mwalimu Okwera alifika baada ya dakika kumi, amekunja gazeti chini ya kwapa, bado anafuta mafuta ya mayai kwenye vidole. Alikuwa mstaafu wa miaka sitini na minane, Mwacholi mwembamba aliyewahi kuongoza meza ambayo Juliet alisahihishia. Habibah alimketisha nyuma ya duka, kati ya marundo ya karatasi, akamfungulia zile tano.

"Mwalimu, huu mwandiko unaujua?"

"Ni wa Aber." Alivaa miwani. "Amekufa?"

"Hapana. Sijui. Nisomee, nione kama kuna kitu."

Mzee alisoma kwa kalamu, si kwa macho tu, akigusa kila mstari. Karatasi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kwenye ya tatu alisimama. Odyek akasogea.

"Kuna kosa, mwalimu?"

"Hakuna. Tazama hapa." Akamsogezea Habibah. Swali liliuliza x ni ngapi, ikiwa hasi tatu x kujumlisha tano ni kubwa kuliko hasi kumi na sita. "Ametoa tano pande zote. Imebaki hasi tatu x, kubwa kuliko hasi ishirini na moja. Sasa anagawa kwa hasi tatu, na ukigawa kwa namba hasi lazima ugeuze alama. Kubwa-kuliko inakuwa ndogo-kuliko. Ameigeuza. X ni ndogo kuliko saba."

"Na maana yake?"

"Mtu aliyepoteza kichwa kwa woga anasahau kugeuza. Watoto wangu wote wenye woga walisahau. Huyu mama anaogopa, naona mkono unavyotetemeka kwenye hii saba, lakini kichwa chake kiko kazini."

Mzee akaendelea na ya nne, akafika ya tano. Hapo aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Hapana," alisema. "Hii hapana."

Juu ya karatasi, Juliet alikuwa amenakili swali lote. Chora mistari ya milinganyo hii, onyesha eneo ambalo y haizidi x kutoa nne, x haizidi saba, na y haipungui sifuri. *Onyesha eneo hilo kwa kutia kivuli eneo lisilotakiwa. Kisha orodhesha nukta zote za namba kamili zilizomo.* Chini yake kulikuwa na grafu. Mhimili wa x ulikwenda mpaka saba, wa y mpaka tano. Mistari ilikuwa imechorwa kwa rula, safi, na pembetatu ndogo chini upande wa kulia ilikuwa imejazwa kivuli cha kalamu, kizito, mpaka ilionekana karatasi ya asili ilikaribia kutoboka.

"Mistari si sawa?" Habibah aliuliza.

"Mistari ni sawa kabisa. Kivuli ndicho kimekaa pasipo pake. Afande, hapa kwetu, kwenye mtihani, kivuli unatia kwenye sehemu unayoikataa. Jibu unaliacha jeupe. Swali lenyewe limesema, soma. Yeye ametia kivuli kwenye jibu."

"Alikosea tu, mwalimu," Odyek akasema. "Ni huo woga."

"Kijana, huyu mama amekata alama za watoto kwa kosa hili miaka tisa. Usiku wa manane ukimwamsha, atakwambia kivuli kinakwenda wapi kabla hajakwambia jina lake. Mimi nilimfundisha kukata hizo alama." Mzee alikuwa amekasirika kweli, kana kwamba mtu amemtukania mwanawe. "Hakukosea."

"Lakini yule mrefu aliangalia kwenye simu akaona sawa," Habibah alisema polepole.

"Simu! Zile programu za simu hazikusoma shule za hapa. Zenyewe zinapaka rangi kwenye jibu. Ukiweka mchoro wa simu na huu pamoja, vinafanana. Alijua wataangalia simu." Okwera alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Mwalimu yeyote wa hapa angeona kosa. Wao hawawezi."

Kwa hiyo ilikuwa barua, na ilikuwa imeandikwa kwa watu wa aina ya Okwera. Habibah aliinama karibu. "Orodha. Angalia orodha ya nukta."

Mzee alizihesabu kwa kalamu. Nne na sifuri. Tano na sifuri, tano na moja. Sita na sifuri, moja, mbili. Saba na sifuri, moja, mbili, tatu. "Hizo ni kumi, na ni kumi tu zilizomo. Yeye ana kumi na moja. Hii ya mwisho. X mbili, y tano." Alikuwa anaandika huku anasema. "Jaribu. X kutoa nne, mbili kutoa nne, hasi mbili. Tano haizidi hasi mbili? Uongo mtupu. Haikaribii hata. Na kwenye grafu ameitia doa pale juu kushoto, peke yake, kwenye weupe."

Nje, boda ilipiga honi na Habibah akashtuka mpaka mkoba ukaanguka.

"Saba kwenda kulia," alisema. "Sifuri mpaka tano kwenda juu. Siraje, umesema vyumba saba mbele. Ya chini, na tano juu yake."

"Ee, afande."

"Ni nyumba," Odyek alinong'ona. "Amechora nyumba."

Mbili, tano. Dirisha la pili, ghorofa ya juu kabisa. Odyek alikuwa ameshashika mlango. Habibah akamkamata shati.

"La pili kutoka wapi? Wewe ukiwa barabarani unahesabu kutoka kushoto kwako. Yeye akiwa ndani, kichwa chake kimegeukia nje, kushoto kwake ni upande mwingine. La pili lake ni la sita letu. Tukikosea tunaingia kwa watu wengine, kelele, basi, amekwisha."

"Sasa tutajuaje?"

Habibah aliitandaza karatasi ya tano juu ya mashine, ambayo bado ilikuwa na joto. Kisha akakitazama tena kile kivuli. Kwa nini akikazie hivyo, mpaka karibu atoboe karatasi? Kosa dogo lingetosha kumwamsha Okwera. Kama kivuli ni kwa sehemu unayoikataa, basi Juliet alikuwa anaikataa hiyo sehemu. Alikuwa anamwambia mtu asipite hapo.

Alijifunga kitenge kichwani, akavuka barabara mpaka kwa mama wa ndizi za kuchoma, akanunua moja, akasimama kuila akiangalia hosteli.

Ngazi kubwa ilikuwa kulia. Chini, kuanzia dirisha la nne mpaka la saba, kulikuwa na gari dogo jeupe limeegeshwa kwa kurudishwa nyuma, na wanaume wawili kwenye viti vya plastiki. Ghorofa ya kwanza, mapazia yalikuwa yamefungwa kuanzia dirisha la tano. Ya pili, kuanzia la sita. Ya tatu, dirisha moja tu, la saba, na mbele yake mwanamume aliyeegemea ukuta wa baraza akichezea simu. Kwingine kote kulikuwa na nguo zimeanikwa, redio, msichana anasuka nywele. Ile pembetatu ilikuwa imekaa pale ukutani, kulia, jinsi ilivyochorwa. Juliet aliingia hapa kwa miguu yake mchana kweupe, akaiona nyumba kwa macho ya mtu wa barabarani, na ndivyo alivyoichora.

Dirisha la pili kutoka kushoto, juu kabisa, lilikuwa limebandikwa magazeti kwa ndani.

Aliporudi, Siraje alikuwa anatokwa na jasho. "Afande, ile gari. Walimwambia dereva saa sita na nusu. Nimesikia sasa hivi, wamesimama hapa mlangoni. Wamesema kuna mzigo unashuka."

Saa sita na nusu, si saa nane. Habibah aliangalia saa. Zilibaki dakika ishirini na mbili.

"Kuna njia nyingine ya kupanda?"

"Kushoto, nyuma. Ngazi ya wanaofua. Iko na geti, mimi niko na ufunguo kwa sababu ya choo."

Mambo yakaenda haraka. Askari wawili wasio na sare waliletwa kwa boda, wakaambiwa wasimame ng'ambo ya gari jeupe wakibishana bei. Wengine wanne wakakaa ndani ya duka la jirani. "Mkisikia kitu kizito kimeanguka kutoka juu, ingieni kwa ngazi kubwa," Habibah aliwaambia. "Kabla ya hapo, msipumue." Siraje alimpa beseni, na Odyek akampa koleo. Habibah akalijaza mashuka ya mke wa Siraje yaliyolowa, akaiweka bastola kati ya shuka la pili na la tatu, akalipandisha beseni kichwani. Marehemu baba yake, koplo wa zamani, angekufa mara ya pili kuiona silaha ya serikali inalowa hivyo.

Odyek alimfuata ngazi moja nyuma. Walipanda bila neno. Ghorofa ya kwanza, sabuni imemwagika. Ya pili, mtoto amelala kwenye khanga. Ya tatu, Habibah alisikia sauti ya mwanaume inacheka mwisho wa baraza. Hakusimama. Ya nne. Ya tano.

Mlango wa pili ulikuwa na kufuli kwa nje, la kawaida, la sokoni. Odyek alilitia koleo la Siraje, akalikaza, likakatika kwa mlio ambao Habibah alihisi umesikika mpaka Nakawa. Hakuna aliyekuja.

Ndani kulinuka mkojo. Mwanamke alikuwa amelala kwenye godoro lisilo na shuka, uso kwa ukuta. Habibah alipiga magoti, akamgeuza.

Hakuwa Juliet.

Alikuwa msichana wa miaka kama ishirini na minne, mdomo umevimba, jicho moja halifunguki. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, na vidole vilivyoonekana vilikuwa vya bluu. Alipoona watu alijikunyata, akaanza kusema, "Nitaandika, nitaandika."

"Mimi ni polisi. Usiogope. Unaitwa nani?"

Alichukua muda. "Lailah. Mwalimu wa kemia."

"Hakuna aliyeripoti kwamba umepotea, Lailah."

"Niliwaambia nyumbani niko semina, Jinja. Hao watu waliniambia niseme hivyo." Alishika mkono wa Habibah kwa ule wake mzima. "Mtihani wa kemia ulipita Jumatatu. Hawana kazi na mimi tena. Walisema leo gari inanichukua. Madam Juliet alilala hapa na mimi usiku wa kwanza. Aliniambia atawaambia watu nilipo. Mimi sikuamini."

"Na yeye yuko wapi?"

"Ya tatu. Mwisho, karibu na ngazi kubwa. Na wao."

Dirisha la saba, ghorofa ya tatu. Pembe ya juu ya kivuli. Habibah alibaki amepiga magoti. Juliet alikuwa na nafasi ya nukta moja, na ile nukta moja akampa msichana huyu. Mwenyewe akajitia kwenye sehemu inayokataliwa, akaikazia kalamu ili mtu yeyote atakayeisoma asipite huko.

"Mbebe," alimwambia Odyek. "Ngazi hii hii. Usisimame, hata nikipiga kelele."

"Na wewe afande?"

"Mbebe, nimesema."

Aliwasubiri mpaka hatua za Odyek zikafika chini. Kisha akajitwika beseni, akatembea baraza lote la ghorofa ya tano kwenda kulia, akaanza kuteremka ngazi kubwa. Aliogopa. Maji ya mashuka yalikuwa yanamwagika mabegani, na kila ngazi aliiambia moyoni kuwa ndiyo ya mwisho.

Yule wa baraza aliinua macho kutoka kwenye simu. Alikuwa yule mrefu. "Wewe mama, unaenda wapi?"

"Mashuka ya hapa, ssebo. Wameniita niwaletee."

"Nani amekuita?"

"Madam."

Alikunja uso, akageuka kidogo kuuliza ndani, na mlango ulikuwa wazi nusu. Habibah akaona meza, chupa ya soda, mwanaume amelala kwenye kochi, na Juliet amekaa na kalamu mkononi. Juliet aliinua kichwa. Hakufurahi. Uso wake ulijaa hofu mpya, mbaya kuliko ile aliyokuwa nayo, akatikisa kichwa kidogo sana, hapana, hapana.

Habibah alishusha beseni, akachomoa bastola kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akalisukuma beseni juu ya ukuta wa baraza.

Lilichukua muda mrefu mno kufika chini. Lilipofika, liligonga gari jeupe. Kukawa na kelele, buti, mtu akipiga mluzi. Mrefu alimrukia Habibah, akamgongesha kichwa ukutani, na Habibah akampiga kwa kitako cha bastola kwenye shingo, mara mbili, mara tatu, kwa hasira ya siku nne. Wa kwenye kochi aliamka na kisu, akamshika Juliet nywele. Habibah alimwelekezea bastola. Hakuwa na uhakika kama bastola iliyolowa ingefyatuka. Yule wa kisu naye hakuwa na uhakika. Walitazamana hivyo mpaka askari wa kwanza alipotokea ngazini, akihema, na kisu kikaanguka sakafuni.

Askari walipokwisha kuwafunga wale wawili na kuwashusha, Juliet bado alikuwa kitini. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake.

"Lailah?" aliuliza.

"Yuko chini na Odyek. Anaongea. Anapelekwa hospitali sasa hivi."

Juliet alifumba macho, mabega yakashuka, akalia. Halafu akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akamtazama Habibah.

"Nilikwambia usipite huku."

"Nilikuelewa."

"Sasa mbona umepita?"

Habibah alitaka kusema jambo la kiaskari, wajibu, kiapo, akaliacha. "Kwa sababu mimi ndiye niliyekutuma," alisema.

"Ndiyo. Wewe." Juliet hakupandisha sauti. "Uliniambia nikubali, niende, nipige simu. Ulikuwa unasaini karatasi, hata hukuniangalia. Walininyang'anya simu mlangoni, afande. Kabla sijakaa."

"Najua. Nisamehe."

"Sitaki samahani leo. Una kitabu chako cha kazi?"

"Ninacho."

"Andika. Andika kwamba hutamtuma tena mtu asiye askari mahali kama hapa. Weka sahihi."

Askari mmoja mlangoni alikohoa, akaangalia pembeni. Habibah alitoa kitabu, akakiweka juu ya ile meza, kati ya soda na karatasi za grafu, akaandika. Mkono ulikuwa unatetemeka hata tarehe haikusomeka. Juliet alikivuta kitabu, akakisoma mpaka mwisho, akakirudisha.

"Haisomeki," alisema. "Rudia."

Habibah akafungua ukurasa mpya.